Bakuli la Matundu Juu ya Gari-Nyumba

Koko, mama mzazi wa baba yangu, aliamua kwamba kaka yangu amekufa, na aliyemwua ni mimi. Si kwa kisu wala kwa sumu. Nilimwua kwa kumsomea barua.

Kaka yangu, ambaye nyumbani tunamwita Yaya kama wakubwa wote wanavyoitwa huku kwetu, alikuwa na mwaka wa tatu Kinshasa akisomea udaktari. Barua zake zilifika Bunia kwa ndege, siku ndege ilipojisikia kuja, na mimi nilipewa kazi ya kuzipeleka kijijini Irumu na kumsomea Koko, maana yeye hakuwahi kukaa kwenye benchi la shule. Ubaya wa Yaya ni kwamba anaandika kama mtu anayejaza karatasi ya hospitali. "Niko mzima. Masomo yanaendelea. Salamu kwa wote." Basi. Koko ameshatandika mkeka, amefukuza kuku, amejifuta mikono kwenye kitenge, halafu mimi nimalize kabla hajakaa vizuri? Nilimwonea huruma. Nikaanza kuongeza chumvi.

Katika barua ya kwanza nilimnenepesha Yaya mpaka kitanda cha chuo kikavunjika. Koko alicheka akajishika mbavu. Katika barua ya pili nilisahau kile kitanda, nikamkondesha, suruali yake ikawa inafungwa na kamba. Katika ya tatu alifuga kasuku aliyejua kusali rozari. Katika ya nne Koko akaniuliza kasuku anaendeleaje, nami nikasema, "Kasuku gani?"

Koko akaichukua barua, akaipindua, akainusa.

"Hii si ya mutoto wangu," alisema. "Kuna mutu anaandika kwa fasi yake. Mutu mwenyewe hajui hata kama mutoto alinenepa ao alikonda. Mutoto alishakufa, na munanificha."

Nikaogopa, nikakiri papo hapo. Nikamwambia yote ni mimi: kitanda ni mimi, kamba ni mimi, kasuku ni mimi.

"Weye mutoto muzuri," Koko alisema, akinishika shavu. "Unasema bongo juu nisilie."

Akili yangu ilipinda siku ile, na sidhani imenyooka mpaka leo. Nilipodanganya aliniamini. Niliposema ukweli, akasema ni bongo, yaani uongo, tena akanisifu.

Baba alimpelekea picha ya Yaya amevaa koti jeupe. Koko hakuinua hata kichwa. "Picha? Hata marehemu iko na picha. Muzee wangu iko pale ku ukuta, anacheka kila siku. Ulishamuona anakuja kula?"

Baba akamwomba aje Bunia, misheni wana redio ya kuongea na Kinshasa. Koko akakataa. Alikuwa ameshavua shanga zake na kuketi chini, na kwetu mtu aliyeketi matanga havuki kizingiti cha nyumba yake. Akatuma neno: Jumapili mbili zikipita, ataita watu waje kulia. Mihogo ya pombe ilikuwa tayari kwenye maji.

Huu haukuwa mchezo. Baba, ambaye huwa haogopi hata askari wa barabarani, alikaa usiku ule bila kugusa ugali wake wa fufu. Mtu akishaliliwa na mama mzazi wa baba yake, watu wakala, wakanywa, wakanyoa nywele, atarudi vipi kijijini? Atapiga hodi aseme nini? Watoto watamkimbia. Hakuna atakayemwachia kiti. Baba alisema Koko lazima amwone Yaya akitikisika, kwa macho yake, pale pale kwenye mkeka wake, kabla ya Jumapili ya pili.

Kesho yake ikaja barua ya Yaya, ya tano, fupi kama zile nyingine. Lakini ndani kulikuwa na mstari mmoja wa maana: Jumapili inayokuja, saa kumi jioni, kwaya ya wanafunzi itaimba katika televisheni ya Kinshasa, na yeye yumo.

Baba alipiga meza, vikombe vikaruka. "Atamuona akifungua mudomo!"

Sasa niseme habari ya gari. Baba ni fundi wa magari, karakana yake iko mtaa wa Nyakasanza, hapa Bunia, kando ya njia. Mwaka uliotangulia, wazungu wawili, mume na mke, waliotoka kwao kwa barabara na kuvuka jangwa zima bila taabu, walikuja kushindwa na matope yetu. Gari lao lilikaa kwa baba wiki tatu, wao wakachoka, wakapanda ndege, wakamwachia gari lenyewe. Ni gari-nyumba: ndani kuna kitanda, kabati, jiko la gesi, mapazia ya maua, na beseni la kuoshea sahani lisilotosha hata sahani. Pembeni ya jiko kuna choo. Mama alikataa katakata kuamini kwamba watu wenye akili zao wanaweza kujisaidia karibu na sufuria hivyo. Alisema hicho si choo, ni ghala, akajaza humo maharagwe.

Televisheni tuliiazima kwa mnunuzi wa kahawa ambaye huwa anatazamia kaseti tu, kwa kuwa picha za Kinshasa zilikuwa hazifiki kwetu bila bakuli la kunasia picha. Hilo bakuli, ambalo kwa Kifaransa wanaliita parabole, ndilo lilikuwa limebaki kutafutwa. Lenye kuweza kukaa juu ya gari-nyumba, lipande mpaka Irumu, lilete uso wa Yaya mlangoni kwa Koko. Tulikuwa na siku tano.

Nje kidogo ya mji kulikuwa na yadi ya kampuni moja ya barabara iliyokuwa imeshafunga kazi na kurudi kwao. Walimwacha mtunza ghala mmoja, mzee mrefu mwenye koti la abakosti lisilo na vifungo viwili. Vitu vilivyobaki alikuwa na ruhusa ya kuviazimisha. Tulikwenda baba, mama na mimi.

"Citoyen, ziko tatu," alimwambia baba, jinsi raia wote walivyoitwa wakati ule, kwa sauti ya mtu anayeonyesha mbuzi.

Ya kwanza ilikuwa ndogo, nyeupe, nzuri, upana wake kama meza ya kulia. Ya pili ilikuwa kubwa mno, ya chuma kizima, mvua ya miaka imeiachia kutu mgongoni. Ya tatu ilikuwa kubwa vilevile, lakini ya wavu. Ilikuwa imetengenezwa kwa vipande kama maganda ya chungwa, unavifunga kwa bolti.

Hapo niliona kitu ambacho mwalimu wetu wa fizikia hakutufundisha. Wazazi wangu walianza kuchagua parabole jinsi tunavyochagua sufuria sokoni. Baba aligonga kila moja kwa kidole na kuinamisha sikio. Mama aliinua vipande vya ile ya tatu, akavielekeza juani, akafunga jicho moja. Jua likampiga usoni vitone vitone, kama mtu mwenye surua.

"Hii iko na matundu!" alisema.

"Njo ilivyo, mama," mtunza ghala alijibu.

"Picha itavuja."

"Mama, picha si maji."

"Kwani weye ulishaishika?"

Mzee akatazama viganja vyake. Kweli hakuwahi kuishika.

Wote watatu wakageuka kunitazama mimi, mwanafunzi. "Weye unasoma," baba alisema. "Sema, tubebe gani?"

Mwalimu alikuwa ametuchorea mawimbi ubaoni, nyoka watatu wa chaki, akasema yanatembea hewani bila kuonekana. Nami nilikuwa nyuma, nachora masharubu kwenye mawimbi ya jirani yangu. Nikakunja uso kama msomi. "Baba, inategemea."

"Inategemea nini?"

"Inategemea bakuli."

Baba aliniangalia kama gari alilolitengeneza siku tatu halafu likakataa kuwaka.

Tukachukua ndogo. Sababu ilikuwa moja na ilitutosha: iliingia juu ya gari sawasawa, kama kofia ya kanisani. Jumatano jioni tukaijaribu nyuma ya karakana. Baba aliwasha groupe, ile mashine ndogo ya umeme inayokohoa kama mvutaji tumbako, na televisheni ikatuonyesha siafu. Siafu weupe na weusi, maelfu, wanapigana. Majirani walijaa. Tulitazama siafu saa nzima. Kisha jirani mmoja akasema, "Minaona mutu!" Mwingine akasema kweli, mtu amevaa kofia. Mwishowe nusu ya Nyakasanza ilikuwa imemwona mtu mwenye kofia, na mimi nilikuwa nimeshamtungia jina na kijiji alikozaliwa. Baba akazima.

Alhamisi tukairudisha.

"Ile ni ya simu," mtunza ghala alisema, bila haya. "Kambi moja inaongea na kambi ingine. Haijuwake televisheni."

"Mbona haukusema?" baba akafoka.

"Citoyen, haukuniuliza. Ulisema unataka ya kuenea ku gari. Ilienea, ao haikuenea?"

Iliyofuata ilikuwa ile ya chuma kizima. Mama aliipenda kwa moyo wote kwa sababu haikuwa na tundu hata moja. Wanaume sita waliinyanyua juu ya gari huku mama akiwa ndani anaondoa maharagwe yake. Paa likasema kwaa. Matairi yakabonyea, gari zima likachuchumaa kama kuku anayetaka kutaga, na mlango ukabana. Mama akabaki ndani. Uso wake ukatokea kwenye kidirisha kilicho juu ya beseni, kati ya mapazia ya maua.

"Toeni ile kitu," alisema polepole, kama anayezungumza na vichaa.

"Mama wa tikiti," nikasema kwa sauti ya abiria, "safari ya Irumu ni saa ngapi?"

Alinirushia maharagwe. Yalinipata.

Kwa hiyo tulifunga safari na wavu, si kwa kuuchagua, bali kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kukataa. Ulikuwa mwepesi, vipande vyake vililala juu ya kitanda, na paa halikulalamika. Lakini mama hakukubali matundu yaende hivyo hivyo. Ijumaa nzima alishona kitambaa cha mviringo kutoka vitenge vitatu vikuukuu, akakikaza ndani ya bakuli kwa kamba pale pale yadini. Likaonekana kama ungo wa bibi harusi. Mtunza ghala alilitazama muda mrefu.

"Nguo haina ubaya," alisema hatimaye. Kisha akamvuta baba kando, nami nikawafuata. "Sikia, citoyen. Kuna chombo kimening'inia kule juu mbinguni. Hakianguki, hakitembei. Geuza bakuli fasi jua inazamaka, kisha inamisha iangalie juu. Juu sana. Unasikia?"

Baba aliitikia kwa heshima. Tulipokuwa njiani alicheka mpaka akaegesha gari. "Kimening'inia ku nini? Kamba iko wapi? Na bakuli ikiangalia juu, mvua ikinyesha si itajaa? Paa itaenda, na televisheni ya watu itaenda."

Na mvua ya kwetu mnaijua.

Baba alikuwa na hesabu yake mwenyewe, nami naitetea, maana ilikuwa na akili. Kila kitu cha nchi hii kinatoka Kinshasa: amri, nyimbo, mitindo ya suruali. Na vyote vinafika kwetu kwa njia moja, ile ya Kisangani, kupitia Epulu na Mambasa. Basi picha itapita wapi kama si hapo? Kazi ya bakuli ni kuangalia ile njia na kungoja, kama mtu anayengoja lori la sabuni.

"Baba," nikasema, "kama picha inapita njia ile, imeshakwama Epulu. Yaya atafika hapa na ndevu."

"Funga mudomo."

Nikafunga. Naeleza tu ili ijulikane kwamba nilisema.

Jumapili asubuhi tuliingia Irumu. Koko alikuwa chini ndani ya nyumba, mlango wazi, kichwa amefunga kitambaa cheusi, majivu yamemkauka miguuni. Alitazama gari-nyumba mara moja.

"Munaniletea nyumba yenye kutembea," alisema. "Mutoto wangu iko wapi?"

Baba alipiga goti. "Mama, leo saa kumi utamuona. Usisimame. Kaa pale pale. Siye tutaweka televisheni ku mulango, weye utaangalia toka ku mukeka."

Koko alifikiria. Kutazama si kutoka. Akakubali.

Tukafunga vipande bolti kwa bolti, tukakaza nguo ya mama, bakuli likasimama wima juu ya gari, likitazama barabara kwa utiifu. Lupango, yaani ua wa Koko, likajaa watu. Wengine walikuja kwa ajili ya televisheni, wengine walikuja mapema kwa ajili ya matanga, na sikuweza kuwatofautisha kwa kuwa wote walikuwa wameshika vikombe. Saa ya baba ilipofika kumi kamili, groupe ikakohoa, na wale siafu wa Nyakasanza wakatokea tena, hawajapungua hata mmoja.

Baba akageuza bakuli kidogo kushoto. Siafu. Kidogo kulia, kuelekea kanisa. Siafu. Akapandisha sauti, ikawa kama mtu anakaanga kitu.

"Hii njo Kinshasa?" Koko aliuliza. "Kunanyesha muchele?"

Hakuna aliyecheka. Nusu saa ikapita. Baba alikuwa juu ya paa, shati limemganda, anageuza, anageuza. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na Koko, nikaona mkono wake ukienda kichwani. Alikuwa anafungua kitambaa. Mwanamke akifungua nywele pale alipoketi, sauti inayofuata ni ya kilio, na wanawake wote wanaipokea, na hakuna mtu duniani anayeweza kuirudisha. Wanawake waliona. Wakaweka vikombe chini.

"Basi," Koko alisema. "Sasa mumeona na macho yenu."

Baba akateremka, akazima groupe. Na mashine ilipoacha kukohoa, redio ndogo ya mzee mmoja aliyekaa nyuma, ambayo hakuwa ameizima tangu asubuhi, ikasema: huko Kinshasa ni saa tisa na nusu, Lubumbashi, saa kumi na nusu.

Redio inasema hivyo kila siku ya Mungu. Saa ya Lubumbashi ndiyo yetu, na Kinshasa wako nyuma yetu kwa saa moja. Tumesikia tangu tumboni, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka.

"Bado!" nikapiga kelele. "Koko, ngoja! Ku Kinshasa bado hawajaanza! Bado nusu saa!"

"Weye na bongo yako," alisema. Lakini mkono wake ukasimama hapo hapo kwenye fundo.

Kisha mvua ikaja. Haikutangulizwa na upepo, ilimwagika tu. Watu wakabanana chini ya upenu. Nguo ya mama ikalowa, ikawa nzito, ikaanza kuvuta bakuli upande mmoja, na mama mwenyewe akaparamia ngazi ya nyuma ya gari, kitenge kiunoni, akaing'oa nguo ile kamba kwa kamba huku akiitukana. Akaitupa chini. Ikamwangukia baba kichwani.

Baba alipojifunua aliinua macho, nami nikainua yangu. Mvua ilikuwa inapita kwenye bakuli. Ilipita tu, kama hakuna kitu, ikatoka upande wa pili na kuendelea na safari yake.

"Baba," nikasema, na mara hii sikuwa natania, "uliogopa itajaa maji. Itajaa namna gani?"

Baba aliangalia matundu. Akaangalia mbingu. Akamwangalia mama juu ya paa, maji yakimchuruzika puani. Sijui nini kilipita kichwani mwake. Nadhani alimkumbuka yule mzee na abakosti yake, na chombo kisicho na kamba.

"Inamisha!" alimwambia mama. "Ilale! Iangalie juu!"

"Juu wapi?"

"Juu kwa Mungu! Upande wa kuzama jua!"

Akapanda naye. Mimi nikawasha groupe, nikashika usukani wa kupiga kelele: siafu, siafu, bado siafu, rudisha, rudisha kidogo, siafu wamepungua, simama! Sauti ndiyo iliyokuja kwanza. Sauti ya watu wengi wanaimba pamoja, mbali, kama wako chini ya kisima. Halafu siafu wakaanza kujipanga mistari. Mistari ikawa vichwa.

Koko alitambaa kwa magoti mpaka kizingitini. Hakukivuka.

Walikuwa vijana kama arobaini, wote wamevaa sare moja, nyuso zao kama punje za maharagwe. Walifungua midomo, walifunga. Mvua ilipokaza walipotea, ilipopungua walirudi. Nilitafuta uso wa Yaya, uso ambao nimelala nao kitanda kimoja miaka kumi, nikauona sehemu nne kwa wakati mmoja.

"Yule!" Koko alisema.

Kidole chake kiligusa kioo. Mstari wa tatu, kijana mmoja alikuwa ameinamisha kichwa begani, kama mtu mwenye maji sikioni. Tangu utotoni Yaya husimama hivyo.

"Ndiyo, mama, njo yeye," baba alisema kutoka mlangoni, analia. Lakini baadaye aliniambia yeye alikuwa anamtazama mmoja wa mbele, kushoto. Naye mama alikuwa ameshamwona nyuma kabisa, amekonda, akawa anawaza amtumie unga.

Koko alinigeukia. "Weye unaona nini?"

Ningeweza kusema chochote. Nilisema, "Koko, sijui." Lilikuwa neno la kwanza la ukweli alilonikubalia tangu kasuku.

"Una macho mubaya," alisema. Akasimama, akakung'uta mkeka, akautundika ukutani, akauliza kwa nini wageni wamekaa bila chakula. Pombe ya matanga ilinyweka yote, na hakuna aliyelia, isipokuwa baba, ambaye hakuacha.

Wavu tuliuacha kule. Mtunza ghala alisema hana haraka nao. Na barua ikaja baada ya wiki tatu, nami nikaibeba kwenda Irumu kama kawaida. Isipokuwa safari hii niliifungua njiani, nikaisoma, nikakaa kando ya barabara.

Yaya aliandika hivi: "Niko mzima. Masomo yanaendelea. Siku ya televisheni sikuimba. Nilichelewa, mkuu wa kwaya akafunga mlango, nikawasikiliza nikiwa nje dirishani. Musimuambie Koko. Salamu kwa wote."

Nilifanya mazoezi. Barua moja niliitunga kichwani, Yaya akaimba vizuri mpaka mkuu wa kwaya akazimia. Nyingine niliifupisha, nikaondoa mlango. Zote mbili zilikuwa nzuri, na mimi ni fundi. Lakini nilikumbuka jinsi Koko alivyoinusa ile barua ya nne. Nikisema aliimba, siku moja Yaya atarudi aseme hakuimba. Nikisema hakuimba, basi yule aliyeonekana ni nani, na matanga si yataanza upya? Nilifika lupangoni bila jibu.

Koko alikuwa ameanika mihogo juu ya vipande vya wavu, vimepangwa juani juu ya mawe. Alisema inakauka upesi, hewa inapita. Akatandika mkeka. Akafukuza kuku. Akajifuta mikono.

"Soma yenye kuandikwa," alisema.

Nikasoma yenye kuandikwa. Yote. Hata pale paliposema asiambiwe.

Nilitazama mkono wa Koko, kama utapanda kichwani. Ulikwenda mdomoni. Mabega yakaanza kutikisika, nikasema nimekwisha, kisha nikasikia ni kicheko.

"Alichelewa!" alisema. "Njo yeye! Hata kuzaliwa alichelewa, mama yako alingoja mpaka akachoka. Mutu wa kuandika barua za bongo angesema aliimba. Nani atajitungia kufungiwa mulango? Mutoto iko muzima, kabisa kabisa."

"Lakini, Koko, yule wa kuinamisha kichwa?"

Aligeuza muhogo mmoja. "Ule ni mutoto wa mutu. Nyanya yake iko fasi fulani."

Nami nikabaki pale na karatasi mkononi. Alipomwona hakuwa yeye, na alipoambiwa hakuwepo ndipo akaamini yupo. Nimejaribu kumweleza mwalimu wa fizikia, akanitoa nje ya darasa.

"Na kasuku?" Koko akauliza.

"Hakukuwa na kasuku."

"Minajua." Alijisogeza, akanyoosha miguu, akaegemea ukuta chini ya picha ya muzee wake. "Soma tena. Anza fasi ya kuchelewa. Na ule mulango, mara hii, waufunge na nguvu."

Nikaisoma tena. Mlango niliufunga kwa nguvu, nikaongeza na mbwa.